Maswali yenu: "Nina miaka 46, bado naweza kushika semi?"

Miezi hii napokea barua nyingi za watu waliovuka 40 wanaotaka kuingia kwenye malori. Nadhani ni hii njia yetu, maana mtu ukikaa pale Uyole au Makambako dakika kumi tu unaona semi zinavyofuatana kwenda Tunduma na kurudi, unajiuliza na mimi je. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachoua watu.

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, naishi Mbalizi, nina mke na watoto wanne, wawili wako sekondari. Nimekaa stoo kwenye kampuni moja miaka 17 mpaka tulipopunguzwa mwaka jana. Leseni ninayo, daraja D, na nimeendesha pikapu ya ofisi kama miaka tisa hivi, Mbeya, Chunya, mpaka Kyela. Sasa kuna jamaa anasema nimpe milioni moja na laki mbili anitolee daraja E bila kukaa darasani halafu anipeleke kwa tajiri mwenye semi za Congo, eti mwezi ujao niko barabarani. Mke wangu hataki, anasema nimeshazeeka kwa kazi hiyo. Mimi naangalia ada za watoto. Je, umri unaniruhusu, na huyu jamaa nimpe hela?
Baba wa wanne, Mbalizi

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Hela usimpe. Naanza na hilo ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umepata la muhimu, usimpe hata kama ameshakuonyesha leseni za watu wengine aliowatolea, na kama ulishampa kianzio kakidai leo.

Sasa umri. Mimi nilishika lori nikiwa na miaka 41, nimetoka kwenye kazi ya kupima majani ya chai huko Rungwe, na nimeendesha miaka 19 mpaka nilipoacha mwenyewe. Kwa hiyo hiyo habari ya kuzeeka mwambie shemeji yangu kwa upole kwamba sio kweli, ila ana haki ya kuogopa na nitamjibu huko chini maana kuna mama mwingine kaandika kama yeye. Miaka 46 una vitu ambavyo kijana wa 24 hana. Huna haraka ya kumwonyesha mtu kitu. Umekaa stoo miaka 17 maana yake karatasi unazijua, unajua kuhesabu mzigo, unajua kukataa kusaini kitu ambacho hujakiona, na hiyo ni nusu ya kazi ya dereva wa masafa watu hawajui tu. Ulichopoteza ni kidogo lakini kipo: macho ya usiku, kiuno, na ule uwezo wa kukesha leo na kesho ukaamka mzima. Hivyo vitatu utavipangia, havikukatazi.

Tatizo lako sio umri, tatizo ni kuruka ngazi. Unataka kutoka kwenye pikapu ya tani moja uende moja kwa moja kwenye gari ambalo likijazwa kihalali na kila kitu, kichwa, tela na mzigo, linaruhusiwa kufika tani 56. Na hapo unataka ulirukie kwa karatasi iliyonunuliwa. Hebu nikusimulie kitu kimoja uone karatasi inaishia wapi.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na Fuso ya mbao, tumepakia Mafinga naenda Dar. Nilikuwa najiona nimeshajua. Pale Kitonga ukiwa unatoka Iringa ndo unashuka, na nilianza kushuka na gia niliyokuwa nayo tu huko juu, nikaona gari linachangamka, nikakanyaga breki, likatulia, nikaachia, likachangamka tena, nikakanyaga nikaacha mguu hapo hapo. Kona ya tatu sijui ya nne nikasikia harufu. Ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau, kama mpira unaungua na chuma kwa pamoja. Nikasema nirudishe gia chini, nikakanyaga klachi, gia ikakataa kuingia, na ile ya mwanzo nayo ikakataa kurudi, kwa hiyo sasa niko mlimani sina gia kabisa na breki zimechemka hazishiki, na mbele yangu kuna basi. Mungu alikuwa amenishusha tayari karibu na chini. Niliwasha taa, nikapiga honi mfululizo, yule wa basi akaelewa akanipisha, gari likaenda kupungua lenyewe huko kwenye tambarare huku tairi za nyuma zinafuka moshi. Utingo wangu alishuka akakaa chini barabarani hakuongea kama nusu saa. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka sikuweza kushika chupa ya maji.

Sasa sikia kilichotokea pale, maana hakuna muujiza. Breki za lori zinasimamisha kwa kusuguana, na kusuguana ni moto, na zikishapata moto kupita kiasi zinapoteza nguvu hata ukanyage mpaka mguu ugonge chini. Kinachotakiwa kulishika lori kwenye mteremko mrefu ni injini, breki ni za kusaidia tu. Ndo maana wazee wanasema mlima unashuka na gia ambayo ungeupandia, au hata chini yake kama umebeba, na gia hiyo unaichagua JUU kabla hujaanza kushuka, sio katikati. Unawasha breki ya injini kama gari linayo, unaacha injini ivute, ukiona spidi inapanda unakanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka ishuke halafu unaachia kabisa ili zipoe, sio kuegesha mguu. Na hao wanaoachia gari fri ili kuokoa mafuta, wanaweka nyutro gari linateremka lenyewe, ndugu yangu hao ndo tunawaokota. Ukishaweka nyutro umeitoa injini kazini, umebaki na breki peke yake na tani zote zile.

Kwenu hapo Mbalizi huna haja ya kwenda mbali kuelewa, panda mpaka Iwambi simama pembeni sehemu salama uangalie malori yanavyoshuka. Sikiliza. Lori linaloshuka vizuri linanguruma, injini inalalamika, linaenda polepole. Lile linaloshuka kimya ndo la kuogopa.

Hicho ndo kitu huyo jamaa hawezi kukuuzia. Na kuna kingine, ukipata ajali ukiwa na leseni ambayo hukufanyia mafunzo wala mtihani, swali la kwanza litakuwa leseni umeipataje, na hapo utakuwa peke yako mahakamani, jamaa ameshabadilisha namba ya simu.

Njia yenyewe basi. Daraja D unalo, na E haliji bila D, kwa hiyo hujaanza sifuri, tarehe uliyopata D yako ina faida, itunze hiyo leseni isiishe muda. Nenda chuo kinachofundisha magari makubwa, ulizia VETA hapa Mbeya au Iringa, na kama una ndugu wa kukaa kwake Dar kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, wana kozi ya madereva wa malori. Ukimaliza unajaribiwa na trafiki, wakikupitisha ndo unaenda TRA kulipia na kuchukua leseni. Usichague chuo kwa kuangalia bei tu, kaulize swali moja: nitaendesha lori lenyewe kwa masaa mangapi, na likiwa na mzigo au tupu? Kama jibu ni la kuzungukazunguka uwanjani tupu mara tatu, tafuta kwingine. Ile milioni na laki mbili ya jamaa ndo hela ya shule hiyo.

Halafu, hapa najua utaumia kidogo, ukae utingo. Ndiyo, na miaka yako 46. Mimi nilikuwa utingo wa kijana niliyemzidi miaka 13, nilimsalimia vizuri, nilimwita dereva, nikafunga turubai nikaosha vioo, miezi nane. Yule kijana alinifundisha vitu ambavyo hakuna darasa linafundisha, jinsi ya kupiga tairi na nyundo usikilize mlio, zima likilia vizuri na lililopungua upepo linalia bufu. Jinsi ya kuzima injini alfajiri kukiwa kimya ukazunguka gari taratibu unasikiliza upepo unavuja wapi, ssss ndogo tu kwenye bomba la tela, ukiipuuza Uyole itakusimamisha Igawa, maana upepo ukishuka sana breki za nyuma zinajifunga zenyewe na gari haliendi tena. Jinsi ya kushika nati za ringi moja moja kwa mkono, iliyolegea ina kutu imechora kama machozi kwenye ringi. Hivyo vitu vyote nilivijua nikiwa napata hela ya chai tu, sina mshahara wa maana, na ndo vilinilisha miaka 19.

Kwa hiyo nyumbani pangeni mwaka mmoja ambao hutaingiza kama stoo. Hilo ongea na mke wako kwa namba kabisa, ada ya hao wawili itatoka wapi, kiinua mgongo kimebaki kiasi gani, yeye anaingiza nini. Usimfiche.

Baada ya hapo anza na kenta halafu Fuso za hapa hapa. Kazi zipo nyingi kwenye mikoa yetu, viazi vya Isyonje na Njombe, mchele wa Mbarali, mbao za Mafinga, simenti ya hapo Songwe, ndizi za Tukuyu. Safari fupi unarudi nyumbani unalala. Hapo ndo utajulikana, kwa sababu kazi hii inapatikana kwa jina kuliko barua ya maombi. Utaanza kama deiwaka, mwenye gari ana msiba anakwambia nishikie safari moja, unamrudishia gari zima, karatasi zimekamilika, mafuta hayajanyonywa, kesho anamwambia mwenzake. Matajiri wengi nawajua wanapenda mtu mzima mwenye familia inayojulikana iko wapi, hapo umri wako unakulipa. Lakini siku utakayouza lita ishirini pale njiani kwa sababu kila mtu anauza, jina limekwisha, na watu wa njia hii wanaongea, kutoka Tunduma mpaka Ilula wanajua.

Kurudisha semi nyuma ndo kitu kitakachokusumbua kuliko vyote, wote tuliochelewa kuanza kinatusumbua. Ukikata usukani kulia tela linakwenda kushoto, na akili yako ya pikapu ya miaka tisa inakataa. Kama una ndugu Mbarali mwombe pawatila (trekta dogo la mkono) lenye tela uwe unalirudisha nyuma kwenye uwanja jioni, ni akili ile ile, na ukikosea unagonga tuta. Mimi nilijifunzia hapo.

Siku ukipata ajira ya kudumu dai mkataba wa maandishi. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima na mikataba ilikuwa moja ya mambo waliyolilia, watu walikuwa wanaendesha miaka kumi bila karatasi. Uliza NSSF, mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara na wako hautakiwi kuzidi nusu yake, na uliza kama mwajiri amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana ukivunjika mguu kazini ule mfuko ndo unahusika. Wewe kwa umri wako una miaka 14 tu mpaka 60, huwezi kupoteza hata mitatu bila mchango. Tajiri akikwambia mshahara mdogo ila posho kubwa, jua posho haiingii kwenye pensheni, na ukiumwa ukilala nyumbani posho hakuna.

Semi za Congo zitakuja, ukiwa na 49 hivi. Niandikie siku ukishuka Kitonga na mzigo mara ya kwanza, nataka kujua ulitumia gia gani.

Swali

Kamwene baba. Mume wangu ana miaka 51, fundi seremala hapa Makambako. Mwanawe mkubwa ana Fuso mbili na anataka baba yake amsaidie kuendesha moja, leseni anayo tangu zamani alikuwa anaendesha lori la mission ujanani. Mimi naogopa. Ana presha, anatumia dawa, na sukari walisema iko juu kidogo. Halafu baba nisikufiche naogopa na mambo ya barabarani, unajua mwenyewe hapa Makambako jinsi palivyo usiku. Nimkataze?
Mama wa Makambako

Jibu

Kamwene mama. Sidhani kama utaweza kumkataza mwanaume anayeitwa na mtoto wake, ila unaweza kumwekea masharti, na nitakusaidia kuyaandika.

Kwanza kabla hajagusa usukani aende hospitali, sio duka la dawa, apimwe presha, sukari, na macho yote mawili kwa ukamilifu. Amwambie daktari neno kwa neno, naenda kuendesha lori. Ni muhimu kwa sababu dawa nyingine za presha zinamfanya mtu akojoe mara kwa mara, na madereva wengi wanachofanya wanaacha kuzimeza siku ya safari ili wasisimame simame, halafu presha inapanda wakiwa njiani. Daktari akijua anaweza kumpangia dawa au saa nyingine. Kama sukari atapewa dawa, aulize kuhusu kushuka kwa sukari, kwamba akisikia jasho la ghafla, mikono kutetemeka, mawazo yamechanganyika, anapaki papo hapo anakunywa kitu chenye sukari, haendelei mpaka kituo kinachofuata. Awe na hicho kitu ndani ya kabini siku zote.

Halafu nikuulize jambo, usiku anakoroma? Anakoroma halafu pumzi inakatika kidogo kama amekabwa, kisha anashtuka anavuta kwa nguvu? Wewe ndo unajua kwa sababu yeye amelala. Kama ndivyo, na mchana anasinzia hata akiwa kwenye ibada, mwambieni daktari hilo kuliko hata presha, maana mtu wa namna hiyo analala masaa nane na akiamka ni kama hajalala, na huyo kwenye usukani ni hatari. Inatibika, lakini lazima isemwe.

Usingizi una saa zake mama. Kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku mwili unataka kulala hata umekunywa kahawa chungu nzima, na tena mchana baada ya kula, saa nane saa tisa hivi. Mwambie kijana wako kama mwenye gari asimpangie baba yake safari za kukesha. Fuso yake yeye mwenyewe, ana uwezo wa kuamua hilo, ashukuru Mungu, madereva wengi hawana mtu wa kumwambia hivyo. Saa tatu usiku apaki sehemu yenye taa na mlinzi, alale, saa kumi na moja aondoke. Mirungi asishike, kwanza ni kosa kisheria Tanzania, na inamfanya mtu ajione macho makavu huku kichwa kimelala. Na akipata mafua asimeze Piriton halafu akaendesha, nimeona watu wazima na akili zao wamefanya hivyo.

Chakula umfungie wewe. Sisemi hivi kama kazi ya mke tu, nasema kwa sababu njia nzima ni chipsi, nyama ya kukaanga na soda, mwenye presha na sukari akila hivyo wiki mbili umempoteza. Ugali wa jana, maharage, parachichi, ndizi mbivu chache, maji lita tatu. Kila baada ya saa mbili ashuke azunguke gari, anakagua tairi na damu inatembea miguuni.

Kuhusu hilo lingine nashukuru umelisema wazi. Nimezika wenzangu, wengi, miaka ile kabla dawa hazijawa nyingi. Makambako, Tunduma, Ruaha Mbuyuni, kote lori linapolala kuna vishawishi, na upweke wa kabini ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Nendeni mkapime ukimwi wote wawili kabla hajaanza, kwa pamoja, mkae mkaongee, na mkubaliane mtapima tena kila miezi mingapi, iwe jambo la kawaida ndani ya nyumba kama kulipia luku. Na mpigie simu jioni akiwa amepaki, lakini akiwa anaendesha usimpigie hata kama una hasira.

Mwisho, ujanani aliendesha lori la mission, ni vizuri, ila ni zamani. Njia ile ilikuwa tupu. Aende kwanza na mtoto wake safari tatu nne akiwa pembeni, asione aibu.

Swali

Habari za kazi mzee. Mimi ni dada wa miaka 38, Mafinga. Naendesha kenta ya mbao mwaka wa nne sasa kutoka Sao Hill kuja mjini, sijawahi kugonga. Nataka Fuso lakini kila tajiri nikimfuata ananiambia kazi ngumu utaweza kubadilisha tairi wewe? Wananicheka. Nifanyeje?
Dada wa mbao, Mafinga

Jibu

Mwanangu, miaka minne ya barabara za msituni wakati wa mvua, na udongo ule mwekundu unavyoteleza, na hujagonga, wewe umeshaiva kuliko wengi wanaokucheka. Nimefurahi sana kusoma barua yako.

Tairi ni ufundi, sio misuli. Tafuta kipande cha bomba la chuma urefu kama mita moja kinachoingia kwenye mkono wa spana, unalichomeka, unakanyagia kwa uzito wa mwili ukiwa umeshikilia bodi ya gari, nati inaachia. Nati unazilegeza KABLA hujainua jeki, tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ringi ukitaka kuipandisha usiibebe, weka mtalimbo chini yake uinue kidogo kidogo huku unaizungusha mpaka misumari iingie. Fanya zoezi hilo nyumbani Jumapili mara tano. Halafu siku tajiri mwingine akiuliza, mwambie twende nje sasa hivi.

Mwombe unayemwendeshea sasa akuandikie barua, tarehe uliyoanza, aina ya gari, kwamba hujapata ajali, asaini aweke na muhuri kama anao. Na usichukue Fuso ya mtu anayekutaka uanze na safari ya usiku au ulale naye hoteli moja njiani ili akuelekeze, huyo hatafuti dereva. Anza na wenye mbao wanaokujua hapo hapo mjini, wake zao pia wanakujua, ongea nao hao, wengi ndo wanaoshika daftari la hesabu.

Swali

Mzee salama? Nina 43, Fuso nimeendesha miaka sita Vwawa na Mbozi kubeba kahawa na mahindi, sasa nimepata semi ya kwenda Zambia na Congo. Naondoka baada ya wiki tatu. Nijiandae nini zaidi?
Dereva wa Vwawa

Jibu

Salama ndugu yangu, hongera, wewe umepanda ngazi zote.

Tunduma na Nakonde tangu 2019 zinafanya kazi kama kituo kimoja, unakaguliwa na pande zote mbili sehemu moja, ila foleni ipo bado na unaweza kulala hapo, kwa hiyo beba hela ya kula ambayo haimo kwenye posho uliyopigiwa hesabu. Karatasi za mzigo zipige picha zote kwenye simu. Mizani usidharau, ya Mpemba ni jirani yako unaijua, na wanapima kila ekseli peke yake sio jumla tu, unaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Simama wakati wanapakia, usikae kivulini. Spidi ya lori nje ya makazi ni 80 na kwenye vijiji 50, na huko kwenu Songwe unajua tochi zilipo lakini fuata tu hata pasipo na tochi, kuna watoto wa shule.

Zambia unaendesha kushoto kama kwetu. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Congo unahamia KULIA, na hapo ndo watu wanakosea, hasa asubuhi unapotoka kupaki ukiwa bado na usingizi, mkono unakupeleka ulikozoea. Bandika karatasi kwenye dashibodi imeandikwa KULIA. Ukitaka kulipita gari lingine huko, usukani wako uko upande mbaya, huoni mbele, bora ukae nyuma yake. Lubumbashi Kiswahili kinaongewa, cha kwao, mtaelewana.

Kagua pasipoti imebakiza muda gani. Na kadi ya homa ya manjano nenda kachome wiki hii, usisubiri siku ya safari, maana ile cheti inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ukichoma leo ukafika mpakani kesho wana haki ya kukukatalia. Ukishachoma imetosha maisha yako yote, kwa hiyo iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na pasipoti na nakala moja muachie mke wako nyumbani.